Kaseti za Darini

Mji wa Dundee, mashariki mwa Uskoti, ulikuwa na kiwanda cha saa cha Timex, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 kiwanda hicho kilipata kazi ya kuunganisha kompyuta za Clive Sinclair. Wengi wa waliokaa kwenye zile meza ndefu wakipachika vipande na kulehemu walikuwa wanawake. Jioni walirudi nyumbani kwa watoto ambao, muda si mrefu, wangezijua kompyuta hizo kuliko waliozilehemu.

Iliyotia fora ilikuwa ZX Spectrum, iliyotangazwa Aprili 1982. Yenye kumbukumbu ya kilobaiti 48 iliuzwa paundi 175, na ndogo yake ya kilobaiti 16 paundi 125, wakati BBC Micro ya modeli B, iliyokuwa ikiingia mashuleni, ilifika paundi 399. Nafuu hiyo ilikatwa kwenye mwili wa mashine yenyewe. Vibonye vilikuwa vya mpira. Sauti ilikuwa mlio mmoja mwembamba. Kioo hakikuwapo, uliazima televisheni ya sebuleni, baba akikubali. Rangi ziligawiwa kwa miraba midogo, kila mraba rangi mbili tu, hivyo mtu wa kijani akipita mbele ya ukuta mwekundu waliambukizana rangi mbele ya macho yako.

Wala hakukuwa na diski. Programu zilihifadhiwa kwenye kaseti ya kawaida, ile ile ya muziki, na zilisomwa kwa redio kaseti ya kawaida iliyounganishwa na kompyuta kwa waya wa spika za masikioni. Mchezo wa kompyuta, kwa hiyo, ulikuwa sauti. Uliandika amri ya kupakia, ukabonyeza kitufe cha redio, na kingo za kioo zikaanza kupigwa mistari: kwanza myekundu na ya samawati, ishara kwamba mashine imesikia mlio wa kuanzia, kisha ya buluu na njano wakati data yenyewe inaingia. Mchezo mkubwa ulichukua dakika tano hivi. Ukifika dakika ya nne na nusu mdogo wako akakanyaga waya, mashine ilikuandikia ujumbe wa mstari mmoja chini ya kioo, nawe ukarudisha mkanda mwanzo.

Bwana ninayetaka kumsimulia nimemtunga mimi, pamoja na jamaa zake na wote aliofanya nao biashara. Mashine, makampuni, bei na michezo yenye majina ni ya kweli. Na tabia yake, kwa bahati mbaya, si ngeni kwa yeyote aliyewahi kukaa na wakusanyaji wa kitu chochote, iwe stempu, iwe sahani za santuri.

Mama yake alikuwa mmoja wa wale wa kiwanda cha Timex, na yeye akapata Spectrum yake akiwa na miaka kumi na moja. Kama watoto wote wa wakati wake, kaseti za dukani alikuwa nazo chache na za kunakili alikuwa nazo tele. Aliyekuwa na redio ya milango miwili ya kaseti alikuwa mfalme wa darasa. Michezo ilizunguka shuleni ndani ya mifuko ya makoti, ikiandikwa majina kwa kalamu ya wino juu ya kaseti za nyimbo za baba. Hilo liliwauma waliotengeneza michezo, na si uongo: wengi walikuwa vijana wadogo wanaoishi kwa paundi tano za kila kaseti. Matthew Smith aliandika Manic Miner mwaka 1983 akiwa na miaka 17. Kampuni ya Ultimate ya Ashby-de-la-Zouch, iliyokuwa ikiuza michezo yake kwa paundi 5.50, ilipandisha bei hadi 9.95 ilipofika Sabre Wulf mwaka 1984, na hoja yake mojawapo ilikuwa kwamba mtu aliyetoa fedha nyingi hatagawa kaseti yake ovyo kwa rafiki. Mwaka huo huo kikaundwa chama cha kupambana na wizi wa programu, na mwaka 1985 Bunge la Uingereza likapitisha sheria iliyosema wazi kwamba programu ya kompyuta inalindwa na hakimiliki.

Wengine walijaribu kufuli badala ya sheria. Mchezo wa Jet Set Willy, wa Smith tena, ulikuja na kadi yenye miraba ya rangi. Mashine ilikuuliza rangi za mraba fulani kabla hujaingia. Mashine za fotokopi ya rangi zilikuwa adimu, hivyo kadi ilionekana kuwa kinga madhubuti. Watoto wakaichora upya kwa kalamu za rangi. Mchezo wa Elite ulipofika kwenye Spectrum mwaka 1985 ulikuja na kipande cha plastiki cha kutazamia herufi zilizovurugwa kwenye kioo, kila mchezo wa aina hiyo na kipande chake. Baadhi ya maboksi yakatoka kiwandani yakiwa na kipande kisicho chake. Aliyelipa dukani akabaki mlangoni, na aliyepewa nakala iliyovunjwa kufuli akawa tayari anarusha chombo chake angani.

Nimekaa hapa kidogo kwa sababu yaliyompata bwana wetu baadaye hayaeleweki bila hili: kila kitu kilichofanywa ili mchezo usinakiliwe kilimwadhibu zaidi yule aliyekuwa nao kwa halali.

Mtoto alikua. Sinclair akaiuza biashara ya kompyuta kwa Amstrad mwaka 1986 kwa paundi milioni 5. Kiwanda cha Timex kikafungwa mwaka 1993 baada ya mgomo mkali ambao Dundee haijausahau. Spectrum ya nyumbani ikagawiwa kwa jirani, kaseti za kunakili zikatupwa.

Kisha Jumapili moja, akiwa na kazi nzuri na nyumba yake mwenyewe, alipita kwenye soko la mitumba, la aina ambayo watu huegesha magari uwanjani na kuuzia kwenye buti zilizofunguliwa, akaona boksi la viatu limejaa kaseti za Spectrum. Akalinunua lote kwa fedha ya chakula cha mchana. Akatafuta na mashine. Usiku ule alicheza Manic Miner mpaka vidole vikauma, na hapo, nadiriki kusema, hakuwa amekosea chochote.

Alikosea kwa kitu kidogo sana: katriji. Mwaka 1983 Sinclair alitoa kifaa cha kuchomeka nyuma ya mashine kilichokubali michezo iliyochomwa kwenye chipu, isiyohitaji kaseti wala kusubiri. Katriji moja iliuzwa paundi 14.95 na haikuwa na nafasi ya kubeba zaidi ya kilobaiti 16, wakati mchezo ule ule kwenye kaseti ulikuwa karibu theluthi ya bei. Watu wakaikataa. Zikatoka kumi tu: nne za Ultimate, zikiwemo Jetpac na Cookie, mbili za kijibwana kiitwacho Horace, sataranji, bakgamoni, na mbili za kupiga risasi angani. Kisha basi. Leo ni adimu kwa sababu hiyo hiyo kwamba hazikupendwa.

Bwana wetu alizipata zote kumi. Alizipanga rafuni, akasimama nyuma hatua mbili, akaonja utamu ambao kucheza hakukuwahi kumpa: utamu wa orodha iliyokwisha. Katriji kumi humpa mtu picha ya uongo ya dunia, kwamba kila kitu kina mwisho na mwisho huo unaweza kununuliwa. Kaseti hazikuwa kumi. Zilikuwa maelfu kwa maelfu, na hakuna aliyewahi kuzihesabu zote wakati zinatoka.

Akaanza. Mwanzo alitaka mchezo mmoja mmoja. Baadaye akagundua kwamba mchezo mmoja ulitolewa mara tatu, nne: toleo la kwanza, la kampuni iliyonunua haki, la bei poa, la pamoja na jarida. Kampuni ya Mastertronic peke yake, iliyoanza na kaseti za paundi 1.99 zilizouzwa mpaka kwenye maduka ya magazeti na vituo vya petroli, inaweza kumla mtu miaka. Akawa ananunua mchezo alionao kwa sababu mgongo wa jalada ni wa rangi nyingine. Akajifunza kutambua jalada lililochapwa upya juzi na kaseti iliyofungwa nailoni upya na mjanja mwenye mashine ya kufungia sandwichi. Ujuzi huo ni wa kweli na sitaudharau. Ila ulikuwa ujuzi wa karatasi na plastiki.

Mashine ilirudi kwenye boksi lake. Hapakuwa na siku aliyoamua kuacha kucheza. Ni kwamba kaseti iliyofungwa nailoni ya kiwandani ina bei moja, na ikifunguliwa ina bei nyingine, na yeye sasa alikuwa na nyingi za nailoni. Aliyefunguliwa mlango na mchezo akiwa mtoto akawa mtu mzima mwenye michezo mia kadhaa ambayo hakuna sikio lililowahi kuisikia. Nyumba ilipojaa, maboksi yalipanda darini.

Wanaoujua Jet Set Willy watacheka hapa. Katika mchezo ule kulikuwa na chumba cha darini chenye kosa la programu: ukikiingia, vyumba vingine vya nyumba vinaharibika, na mchezo hauwezekani tena kumalizwa. Kampuni ilidai kwanza kwamba ni makusudi, kwamba vyumba vimejaa hewa ya sumu, kisha ikakiri na kutoa marekebisho ya kuandika kwa mkono. Dari la bwana wetu halikuwa na sumu. Lilikuwa na joto la bati wakati wa kiangazi, baridi ya kuganda wakati wa kipupwe, na unyevunyevu katikati.

Kuna aina ya mchezo inayompagawisha mkusanyaji kuliko zote: ule ambao upo kwenye tangazo na haupo popote pengine. Magazeti ya kompyuta ya wakati ule yalijaa matangazo, na baadhi ya vilivyotangazwa havikuwahi kuzaliwa. Mashuhuri kuliko vyote ni Bandersnatch na Psyclapse vya kampuni ya Imagine ya Liverpool. Vilitangazwa kwa picha za waandishi wa programu badala ya picha za michezo, vikiahidiwa na kifaa cha kuchomeka kwenye mashine na bei ya karibu paundi 40. Julai 1984 Imagine ikaanguka, na wapiga picha wa BBC, waliokuwa pale kurekodi mafanikio ya vijana matajiri, wakajikuta wanarekodi wadai mlangoni. Sehemu ya mawazo ya Bandersnatch ilikuja kutokea kwenye mashine nyingine kwa jina la Brataccas. Kwa Spectrum hakikutoka kitu. Bwana wetu alijua yote haya, na bado alipoandikiwa na mtu mwenye "kaseti ya majaribio" ya Bandersnatch, alituma malipo ya awali. Kaseti ilifika. Ilikuwa na nyimbo za Krismasi.

Lakini ipo na michezo ya kundi la pili: iliyotangazwa, ikauzwa kweli, ikapotea. Mvulana wa miaka kumi na sita aliandika mchezo chumbani kwake, akatoa tangazo la maneno ishirini nyuma ya jarida, akanakili kaseti moja moja kila barua yenye hundi ilipofika, akauza pengine thelathini, akaenda zake chuoni. Wapenzi wa mashine hii wanaweka orodha za michezo ya namna hiyo. Kazi kubwa ya kukusanya michezo ya Spectrum kwa njia ya kidijitali ilianza mwaka 1995 huko Uholanzi, kwa juhudi za Martijn van der Heide na waliomuunga mkono. Waliwaandikia wenye haki mmoja mmoja kuomba ruhusa, wakaheshimu waliokataa, na wakaweka orodha maalumu ya iliyotafutwa bila kupatikana. Amstrad nayo, mwaka 1999, ilikubali programu ya msingi ya Spectrum itumike kwenye programu za kuigiza mashine hiyo ndani ya kompyuta za kisasa.

Ndani ya boksi moja la mnada bwana wetu akakuta mchezo wa mapango ambao jina lake lilikuwa kwenye orodha hiyo. Jalada lilikuwa limechorwa kwa mkono na kufotokopiwa. Hakuupakia. Aliupiga picha, akautangaza, akakaa kungoja.

Wa kwanza kumwandikia alikuwa mtu wa kuhifadhi kumbukumbu. Hakutaka kaseti, alitaka irekodiwe tu kwenye kompyuta, kazi ya dakika kumi, kaseti ibaki kwa mwenyewe. Bwana wetu akakataa. Mpwa wake, binti wa dada yake, aliyekuwa akisomea utengenezaji wa michezo ya kompyuta pale pale Dundee, kwenye Chuo Kikuu cha Abertay, ambacho kimekuwa na shahada ya fani hiyo tangu 1997, alimuuliza kwa nini.

"Nikiirekodi, kila mtu atakuwa nayo."

"Na wewe, Mjomba, utapungukiwa nini?"

Alimjibu kwamba atayaelewa akikua. Binti alikuwa na miaka ishirini na mbili.

Wa pili kuandika alikuwa yule mvulana wa tangazo, sasa mtu wa makamo mwenye mvi, mwalimu wa hesabu huko Wales. Alieleza kwamba mama yake alitupa kaseti zote walipohama, na kwamba hakuwahi kufikiri mtu mwingine anazo. Aliomba kitu kile kile: sauti yake tu, amwonyeshe mwanawe. Hapo ndipo ningependa msomaji asimame kidogo, maana sheria ina ajabu yake. Plastiki ilikuwa ya bwana wetu bila ubishi, ameinunua. Mchezo uliokuwa juu ya plastiki ile ulikuwa bado mali ya mwalimu, na ungebaki wake maisha yake yote na miaka 70 baada ya hapo. Mmoja alikuwa na haki bila mkanda, mwingine mkanda bila haki, na kati yao kulikuwa na waya wa spika za masikioni. Bwana wetu alijibu kwa kutaja bei. Barua ya tatu haikuja.

Wahenga walisema akiba haiozi. Hawakuwa wamekutana na mkanda wa sumaku. Kaseti ni utepe mwembamba wa plastiki uliopakwa unga wa madini kwa gundi. Kwenye unyevunyevu huota kuvu, madoa meupe yanayoonekana ukingoni ukiishika kwenye mwanga. Ndani yake kuna kipande kidogo cha sponji kinachousukuma utepe ugusane na kichwa cha redio. Gundi yake hukauka na sponji huanguka. Utepe ukikaa umejiviringa miaka mingi, sauti ya mzunguko mmoja huweza kuacha kivuli chake kwenye mzunguko wa jirani. Na redio ya kusomea nayo huzeeka: mikanda yake ya mpira huyeyuka kuwa lami, kichwa chake hupinda kidogo, na mkanda uliorekodiwa kwa kichwa kilichonyooka husikika umezibwa.

Kwa kaseti ya taarab hayo si msiba mkubwa. Utepe ukikwaruzika, Siti binti Saad hapotei. Unapata mlio, sauti inazama kidogo, kisha wimbo unaendelea na masikio yako yanajaza pengo. Programu haina msikilizaji mwenye huruma namna hiyo. Spectrum iliandika kila fungu la data pamoja na baiti moja ya ukaguzi mwishoni, iliyopatikana kwa kuzichanganya baiti zote zilizotangulia. Wakati wa kusoma, mashine hufanya hesabu hiyo tena. Ikipishana kwa biti moja, fungu zima lenye makumi ya maelfu ya baiti linakataliwa, na kioo kinaandika R Tape loading error, 0:1. Doa la kuvu lililo dogo kuliko punje ya mtama lina nafasi ya kutosha kwa biti nyingi sana.

Ndiyo maana iliyopona ni ile iliyonakiliwa. Jambo hili haliwapendezi wanasheria wala wakusanyaji, na mimi mwenyewe silisemi kwa kushangilia, maana nimetaja juu vijana walioumizwa na nakala hizo. Lakini Manic Miner upo popote leo kwa sababu ulikuwa mifukoni mwa maelfu ya watoto. Mchezo ulioheshimiwa na kila mtu, usionakiliwe na yeyote, ulibaki na idadi ile ile ya siku ya kwanza, na idadi hiyo haijui kwenda ila chini.

Bwana wetu alikuja kulijua hilo kwa sababu ya ngazi. Magoti yalimshinda, daktari akamshauri ahamie nyumba isiyo na ghorofa, na maboksi yakabidi yashuke. Mnunuzi wa Leeds alikubali bei nzuri kwa kaseti kumi na mbili za nailoni, na bei nzuri zaidi kwa ule mchezo wa mapango, kwa sharti moja: aone unapakia. Sharti la haki kabisa. Bwana wetu akamwita mpwa wake, kwa kuwa redio aliyokuwa nayo ilikuwa haizunguki tena.

Binti alikuja na redio kaseti iliyofanyiwa ukarabati na bisibisi ndogo ya kunyooshea kichwa. Aliitazama kaseti kwenye mwanga kabla ya kuigusa, akanyamaza. Kisha akaiunganisha na kompyuta ya kisasa kwanza, airekodi kabla ya kujaribu chochote, kwa sababu mkanda wa namna hiyo huenda ukachezeka mara moja tu. Mlio wa kuanzia ulisikika vizuri. Fungu la kwanza, programu fupi ya kufungulia, likaingia. Fungu la pili lilikuwa picha ya ufunguzi, baiti 6,912 kama picha zote za Spectrum, nayo ikajichora kwa mistari yake kutoka juu, pango, tochi, jina la mchezo, na chini kabisa jina la mvulana na mwaka. Rangi zikaja mwisho. Fungu la tatu ndilo mchezo wenyewe. Lilikwenda dakika mbili, sauti ikazama, ikarudi, ikazama tena.

Walijaribu waliyoyajua. Binti alihamisha utepe kwenye ganda lingine lenye sponji nzima, akanyoosha kichwa kwa robo ya robo ya mzunguko, akarekodi mara kadhaa na kulinganisha rekodi kwenye kioo, wimbi kwa wimbi. Palipokuwa na kelele ungeweza kubahatisha. Palipokuwa kimya, palipobanduka unga wenyewe wa madini, hapakuwa na cha kubahatisha. Mahali kama hapo palikuwa pengi.

"Ungenipa ile miaka ile," binti alisema, "ilikuwa kazi ya dakika kumi." Hakusema kwa ukali. Mjomba wake alisema anajua.

Mwalimu wa Wales alijibu siku hiyo hiyo alipoandikiwa. Alishukuru kwa picha. Kuhusu mchezo, alisema anakumbuka kwamba alihangaika usiku mwingi na pango la tatu, kwa sababu kumbukumbu ya mashine ilikuwa imemwishia, na kwamba alipata ufumbuzi aliojivunia sana, lakini ufumbuzi huo ulikuwa nini hakumbuki. Mnunuzi wa Leeds bado alilitaka jalada. Bwana wetu akampelekea mwalimu, pamoja na kaseti, kwa gharama yake ya posta.

Kwenye orodha jina la mchezo halikuondolewa. Limeongezewa maelezo kwamba jalada na picha ya ufunguzi vimepatikana.

Wiki iliyofuata binti alirudi na maboksi yakawekwa jikoni, mbali na dirisha. Alimpangia mjomba wake utaratibu. Kila kaseti inapigwa picha jalada mbele na nyuma, kadi zake za rangi na vipande vyake vya plastiki vikiwepo, maana mchezo usiofunguka bila kadi haujahifadhiwa kwa kuhifadhi mkanda peke yake. Kisha mkanda unapelekwa mbele na kurudishwa wote mara moja kwa upole, ndipo unarekodiwa, pande zote mbili, hata ule unaodaiwa kuwa mtupu, kwa kuwa vijana wa zamani walipenda kuacha vitu upande wa pili. Rekodi ya sauti yenyewe inawekwa. Isigeuzwe kuwa faili la mchezo na kutupwa, kwa kuwa kesho inaweza kuja programu yenye masikio makali zaidi. Nakala mbili, nyumba mbili. Zenye kuvu zinatengwa zisiambukize nyingine. Walianza na zilizo adimu, na katika hizo walianza na zilizotoka kwenye maboksi ya pembeni mwa dari, ambako paa lilivuja.

Za nailoni alitaka kuzikata mwenyewe, kwa kisu cha jikoni. Ya kwanza, ya Mastertronic, ilipakia bila shida. Ya pili ilikwama kwenye sponji. Ya tatu ikapakia, nao wakaucheza mpaka chai ikapoa, na binti, mwenye shahada ya fani hiyo, akafa mara kumi na moja kwenye kioo cha kwanza.

Mnunuzi wa Leeds alipiga simu saa hiyo kuuliza kama zile kumi na mbili bado zimefungwa. Zilikuwa zimebaki tisa. Alipandisha bei kwa hizo tisa, akapandisha tena. Mpwa ndiye aliyekuwa akimsikiliza, akimtazama mjomba wake ambaye tayari alikuwa na ya nne mkononi.